Kibarua wa Sibwesa na Foleni ya Malipo ya Mavuno

Wengi wa wasomaji wetu wa Visiwani hawajapata kufika Sibwesa, na pengine jina lenyewe ni geni masikioni mwao. Ni kata iliyomo katika Wilaya ya Tanganyika, Mkoa wa Katavi, upande ule wa Mpanda unaoelekea milimani na ziwani. Kabla ya mwaka 2012 sehemu hiyo yote ilihesabiwa kuwa ya Mkoa wa Rukwa, na wazee bado huiita Mpanda tu. Wilaya hiyo hulima mahindi na karanga kwa chakula, na tumbaku na pamba kwa fedha. Tumeitaja leo si kwa sababu mambo ya huko ni mabaya kuliko ya pengine. Tumeitaja kwa sababu ni mahali pa namna hiyo, mbali na viwanda na maofisi, ndipo sheria ya kazi inapopimwa kweli. Sheria iliyo njema bandarini na benki haijathibitisha wema wake mpaka imfikie mtu anayepalilia shamba la mwenziwe kwa ujira.

Kwa upande wa Bara, sheria hiyo ni ile ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2006. Sisi wa Visiwani tunayo yetu, Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka 2005, kwani kazi si jambo la Muungano. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara za 22 na 23, inampa kila mtu haki ya kufanya kazi na haki ya kupata ujira unaolingana na kazi yake bila ya ubaguzi. Kwa hiyo yanayompata kibarua wa Katavi si habari za ng'ambo kwetu. Na tutaonyesha mbele kwamba mikarafuu ya Pemba ina neno la kusema juu ya jambo hili.

Jambo la kwanza ambalo watu wengi hawalijui, wakiwamo baadhi ya viongozi wa vijiji, ni kwamba sheria ya mwaka 2004 haimwachi nje mkulima mdogo. Waliowekwa kando ni wale wa majeshi: Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwingine yeyote anayemtumikisha mtu kwa ujira ni mwajiri. Mkulima wa tumbaku mwenye vibarua wawili ni mwajiri, sawa na mwenye mgodi mwenye watu mia mbili. Saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inapozidi, saa ya ziada ilipwe kwa mara moja na nusu. Mtoto wa chini ya miaka 14 asiajiriwe kabisa, na aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi ya hatari. Kibarua wa msimu hakusahauliwa: sheria inasema kwamba mtu asiyetimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo, kisha papo hapo inamtoa mfanyakazi wa msimu katika katazo hilo na kumpa likizo yake. Waliotunga sheria walimwona. Taabu ni kwamba yeye hajaiona sheria.

Tuangalie mwendo wa kazi yenyewe. Mbegu ya tumbaku humwagwa kitaluni kuanzia Agosti na Septemba. Mvua zinapoanza, miche huhamishiwa shambani. Tangu mwanzo wa mwaka majani huvunwa, husukwa kwenye fito na kukaushwa katika mabani, usiku na mchana, kwani moto wa bani haungoji mtu alale. Kisha huja kazi ya kupanga madaraja na kufunga marobota, na baada ya hapo ndipo masoko hufunguliwa. Katika mashamba ya ukanda wote huu wa magharibi, kuanzia Urambo hadi Mpanda, ni desturi ya miaka mingi kwamba kibarua aliyekuja na mvua hupewa chakula, sabuni na pesa kidogo ya mkononi, na ujira wake wenyewe hungoja mpaka mavuno yauzwe. Mtu aliyeanza kazi Septemba anaweza kuzishika fedha zake Juni au Julai.

Na fedha hizo zikifika zinafika vipi? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Zao huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika. Kabla mkulima hajapata hata senti moja, mkopo wa mbolea na dawa hukatwa, riba ya benki hukatwa, ushuru hukatwa, na mchango wa ushirika hukatwa. Kinachobaki huingia katika akaunti ya mkulima. Kutokana na hicho mkulima hulipa madeni ya dukani, ada za watoto na matengenezo ya bani. Nyuma kabisa ya foleni hiyo amesimama kibarua. Benki iliyomkopesha mkulima fedha ina hati. Aliyemkopesha mbolea ana hati. Kibarua amemkopesha nguvu zake kwa miezi tisa au kumi, bila riba wala dhamana, na hakuna anayemwita mkopeshaji.

Bei ikishuka, au mnunuzi akichelewesha malipo, au majani yakipangiwa daraja la chini kuliko lililotarajiwa, hasara huteremka foleni hiyo yote na kumkuta wa mwisho. Hatusemi kwamba wakulima ni wezi. Wengi ni watu waungwana ambao wenyewe wamefungwa na madeni, na wapo wanaouza mbuzi ili wamlipe kibarua nauli ya kurudi kwao. Lakini haki inayotegemea wema wa mtu aliyebanwa ni haki dhaifu. Mwalimu Nyerere aliligusa jambo hili katika waraka wake wa Ujamaa Vijijini wa mwaka 1967, alipoonya juu ya mkulima anayetajirika kwa kukodi nguvu za mwenziwe. Tangu wakati ule siasa ya uchumi imebadilika, na kukodi kibarua si aibu wala kosa. Lililobaki ni kumlipa.

Mkoa huu una historia ndefu ya kazi ya ujira. Mpanda palikuwa mahali pa waajiriwa kabla hapajawa makao ya mkoa: kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba madini ya risasi huko, tawi la reli kutoka Kaliua likafika mwaka 1950, na mgodi ukafungwa mwaka 1960. Kwa upande mwingine wazee wa Kigoma na Rukwa wanaikumbuka habari ya manamba, vijana walioandikishwa na kusafirishwa mpaka kwenye mkonge wa Tanga. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda shirika lao la kuandikisha watu, SILABU. Kila kijana alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na ilipojaa alilipwa. Utaratibu ule ulikuwa wa kinyonyaji, na jina la manamba limebaki kuwa tusi mpaka leo. Hata hivyo inatubidi tuseme ukweli usiopendeza: manamba alikuwa na karatasi mfukoni, na siku zake zilihesabiwa kwa thelathini. Kibarua wa tumbaku wa zama zetu, raia wa nchi huru, mara nyingi hana karatasi, na siku zake huhesabiwa kwa misimu.

Karatasi hiyo si jambo dogo. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi: jina lake, mahali alipoandikishwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, muda wa mkataba, saa za kazi, ujira na namna ya kuupiga hesabu, na vitu atakavyopewa pamoja na ujira. Kama mfanyakazi hayaelewi maandishi, mwajiri lazima ahakikishe anaelezwa kwa njia anayoielewa. Kisha sheria inaweka sharti ambalo, kwa maoni yetu, ndilo lenye nguvu kuliko yote kwa mtu wa shamba: ukizuka ugomvi, na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha kile mfanyakazi anachodai uko juu ya mwajiri. Maana yake ni kwamba mkulima asiyeandika kitu hajajikinga, bali amejivua kinga. Kibarua akisema tuliagana laki saba na mkulima akasema laki nne, asiye na karatasi ndiye atakayetakiwa kuthibitisha, na asiye na karatasi kwa mujibu wa sheria ni mkulima. Tungependa kila afisa mtendaji wa kata alieleze jambo hili mkutanoni, kwani litawafaa waajiri kabla ya vibarua.

Hivyo hivyo kwa makato. Unga, sabuni na dawa ambazo kibarua hupewa katika msimu huandikwa katika daftari la mwenye shamba, na mwisho wa msimu hesabu hutolewa kwa mdomo. Sheria hairuhusu ujira ukatwe ila kwa amri ya sheria nyingine au ya mahakama, au kwa ridhaa ya mfanyakazi iliyo katika maandishi. Makato ya kufidia kitu kilichoharibika yana masharti yake, na hayatakiwi kuzidi robo ya ujira.

Na akitaka kudai? Mlango upo, nao ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini mlango huo una saa yake. Dai la kuachishwa kazi isivyo halali lipelekwe ndani ya siku 30. Madai mengine, ukiwamo ujira usiolipwa, ndani ya siku 60. Aliyechelewa aweza kuomba asikilizwe akiwa na sababu nzuri, lakini hiyo ni bahati nasibu. Tumfikirie mtu anayeambiwa mwezi wa saba, subiri kidogo, fedha za soko la pili zinakuja. Akasubiri. Mwezi wa nane akaambiwa vivyo hivyo. Mwezi wa tisa akaamua kwenda Mpanda, kwa nauli ya kukopa, na huko akaulizwa kwanza juu ya tarehe. Subira, ambayo sote tumefundishwa kuwa ni ufunguo wa heri, kwake yeye imekuwa kufuli.

Hatujamtaja mwanamke mpaka sasa, na kwa kufanya hivyo tumefuata mwendo wa daftari la mwenye shamba, ambalo nalo halimtaji. Mara nyingi huandikishwa mume, mke akaja pamoja naye. Mke husuka majani kwenye fito, huchambua madaraja na kupikia watu wa shamba, na ujira wa wawili huitwa ujira wa mmoja. Tanzania iliridhia mwaka 2002 mikataba ya Shirika la Kazi Duniani inayotaka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa na inayokataza ubaguzi kazini, na sheria ya mwaka 2004 imeyaingiza hayo katika vifungu vyake. Inamtaka mwajiri aandae na kuandikisha kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuondoa ubaguzi. Inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku tatu. Inamkataza mwajiri kumpa mama mjamzito au anayenyonyesha kazi ya kudhuru afya yake au ya mtoto. Na yeyote aliyewahi kubeba majani mabichi ya tumbaku yenye umande anajua kichefuchefu na kizunguzungu chake, kwani sumu ya jani hupenya ngozi. Januari 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za kazi yaliyomfikiria pia mama wa mtoto njiti. Haya yote ni mema. Lakini asiyeandikwa popote atapewa likizo na nani?

Kisha liko jambo la asili ya mtu, ambalo katika Katavi lina uzito wa pekee. Katika wilaya hiyo hiyo ya Tanganyika imo Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Wengi wao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na vyeti vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Hao si wageni tena, wala hawahitaji kibali cha kazi. Hata hivyo maneno ya mitaani hayafuati Gazeti la Serikali, na mtu anaweza kupunguziwa ujira kwa kuambiwa tu kwamba yeye ni Mrundi, aende akashitaki. Sheria inakataza kubagua kwa sababu ya kabila, mahali pa asili, taifa au rangi, kama inavyokataza kwa sababu ya jinsia, mimba, ulemavu, dini, umri au virusi vya UKIMWI. Nasi wa Visiwani, ambao watu wetu wametawanyika Bara kwa biashara na ualimu, hatuna haja ya kufundishwa ubaya wa mtu kuulizwa kwao ni wapi kabla ya kuulizwa kazi aliyofanya.

Sasa twende Pemba. Mchumaji wa karafuu naye ni kibarua wa msimu, naye hutumikia zao linalonunuliwa na chombo kimoja kinachojulikana. Lakini yeye hulipwa kwa pishi. Jioni karafuu hupimwa mbele ya macho yake, na ujira wa siku hukatiwa hesabu siku hiyo. Anaweza kulalamikia bei ya pishi, na hulalamika sana, lakini haulizi kama msimu utamlipa. Zaidi ya hayo, Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu umewahi kutoa fidia kwa watu walioanguka mikarafuuni. Hatusemi kwamba mambo yetu yamekamilika; aliyevunjika mgongo Wete anajua fidia hiyo inatosha kiasi gani. Tunachosema ni kwamba pale fidia ilining'inizwa kwenye zao lenyewe, haikuachwa juu ya mabega ya mwenye shamba peke yake. Ndilo funzo ambalo tumbaku na pamba za Katavi zinaweza kulichukua.

Bara wanao Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mchango wa mwajiri wa sekta binafsi, ambao mwanzoni ulikuwa asilimia moja ya mshahara, umeshushwa mpaka nusu asilimia. Tufanye hesabu. Kima cha chini cha mfanyakazi wa mashamba kilichoanza Januari 2023 kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na viwango vya sekta binafsi vimepandishwa tena kuanzia Januari 2026. Kwa kima kile cha zamani, mchango wa kumkinga kibarua asije akarudi kwao na mkono ulioungua banini bila ya chochote ni shilingi 700 kwa mwezi. Mkulima anayekopeshwa magunia ya mbolea kwa msimu hashindwi na shilingi 700. Anashindwa na fomu, na safari, na kutojua.

Kwa hiyo shauri letu ni jepesi kutekelezwa. Kila msimu chama cha msingi huandikisha wakulima wake, na mkulima hutia sahihi mkataba wa kilimo wenye ukubwa wa shamba, mifuko ya mbolea na kilo anazotarajia. Karatasi basi ipo. Iongezwe safu ya vibarua: jina la kila mmoja, mke kwa jina lake na mume kwa jina lake, ujira waliopatana na tarehe za kulipwa. Sehemu ya mkopo wa msimu itengwe iwe ya kulipia ujira wa kila mwezi, kwani nguvu za mtu ni pembejeo kabla ya mbolea. Baki ya ujira ikatwe sokoni pamoja na deni la pembejeo, na si baada yake, iende moja kwa moja kwa mwenye haki. Chama hicho hicho kikusanye mchango wa Mfuko wa Fidia na kuupeleka kwa mkupuo mmoja, kuliko kumtaka kila mkulima wa Sibwesa awe na karani wake.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Watasema chama cha msingi si mwajiri. Ni kweli, lakini mwenye kiwanda cha mbolea naye si mwanachama, na deni lake hukusanywa bila kukosa. Watasema kibarua anaweza kutoroka katikati ya msimu, mkulima akabaki na shamba na deni. Hutokea. Lakini mtu anayelipwa kila mwezi ana sababu chache za kutoroka kuliko yule anayeona mwenziwe wa msimu uliopita bado anadai. Watasema pia kwamba mkulima atawaficha vibarua wake ili kukwepa mzigo. Huyo, Afisa Kazi ana mamlaka ya kumkagua, na mahakama ina kifungu cha kumtwika mzigo wa ushahidi.

Mrajis wa Vyama vya Ushirika anaweza kulitolea jambo hili mwongozo chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 2013. Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika inaweza kulitungia sheria ndogo. Na maofisa wanaotusoma, kabla hawajapeleka ukaguzi shambani, wangefanya vyema kutazama nyumbani kwao, kwa yule binti anayefua na kulea, ambaye naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ya mwaka 2004, naye pia mara nyingi hana karatasi.

Daftari za wanachama hufunguliwa kabla ya vitalu kumwagiwa maji ya kwanza. Safu hiyo ya vibarua, kama itakuwapo msimu ujao, lazima iwe imechorwa kabla ya Agosti. Ikichorwa Desemba itawakuta watu wamekwisha patana kwa mdomo, na ujira wao umekwisha kwenda nyuma ya foleni.